Herufi za Makumbi

Ziada Maftaha alirudi Mchinga na shahada ya sanaa, kompyuta mpakato yenye kioo kilichopasuka, na kazi moja ya heshima: kuulizwa kila asubuhi ataanza kazi lini. Akijibu kwamba anabuni fonti, yaani mtindo wa herufi za kompyuta, watu walimpa pole.

Fonti yenyewe aliitoa kwenye nazi. Kijijini hapo nazi za watu wengi hurundikwa pamoja zikisubiri gari, kwa hiyo kila familia huchanja makumbi kwa panga alama yake: pembe, mwezi, mikato mitatu. Pembeni huongezwa mkato mdogo wa siri ambao mgeni haonyeshwi, ili mwizi akiiga alama aumbuke. Ziada, ambaye hata kumsalimu muuza vitumbua kulimtoa jasho, alizunguka nyumba ishirini na sita akiomba siri hizo. Walimpa zote, bila ubishi. Nani angemwogopa msichana anayezungumza huku akitazama vidole vyake vya miguu?

Kila alama ikawa herufi, na mkato wake wa siri humo humo. Waandaaji wa maonyesho fulani ya Dar es Salaam, alipowaandikia habari za mikato hiyo, walivutiwa, wakaweka sharti moja tu: kabla Ijumaa haijaisha watumiwe picha ya fonti ikitumika hadharani. Picha ikikosekana, mama yake, Bi Umi, alikwishamtafutia kibarua cha kubangua korosho.

Bahati nzuri ghala jipya la nazi lilikuwa linafunguliwa Ijumaa hiyo hiyo, na halikuwa na kibao. Ziada akajitolea. Asubuhi kibao cha mbao kikapanda juu ya mlango: GHALA LA NAZI MCHINGA. Wazee wakasogea kukisoma. Yaani, hawakukisoma.

"Bashiru," alisema mzee Shamte, mwenyekiti wa ghala, kama anayesomewa mirathi ambayo hayumo. "Bashiru tena. Bashiru. Bashiru. Na mwishoni kabisa, Bashiru."

Herufi A ilikuwa alama ya akina Bashiru, na Kiswahili hakiishi bila A. Chuoni walimfundisha Ziada mihula miwili kuhusu nafasi kati ya herufi. Hakuna aliyemdokeza kwamba kijiji kizima kingekiangalia kibao chake kama rundo la nazi.

"Kumbe ghala langu!" Mzee Bashiru alicheka mpaka kofia ikamvuka. "Shamte, usijali, nitakupangisha kona."

Shamte akasimama mbele ya simu ya Ziada. "Hakuna picha. Alama yangu umeitia wapi, mjukuu wangu?"

"Kwenye X, babu."

"Inaandika nini hiyo?"

Ziada alitafuta kwa uaminifu wote wa msomi. "Kwa Kiswahili... haiandiki kitu."

"Vizuri sana. Kishusheni."

Watu wawili wakaleta ngazi. Ziada akaziona korosho akilini, gunia baada ya gunia, akasikia sauti kali ikitoka mdomoni mwake: "Basi itie mwenyewe, babu!"

Shamte akachukua panga, akapanda ngazi, akachanja msalaba wake baada ya MCHINGA. Kisha, akikinga kwa kiganja kama mtoto anayeficha majibu ya mtihani, akaongeza mkato mdogo juu kushoto.

Ziada alikodoa macho. Yeye alikuwa ameonyeshwa chini kulia.

Baada ya hapo ngazi haikupumzika. Kila familia ilipanda, ikachanja, ikakinga kwa kiganja. Hakuna mkato hata mmoja uliofanana na ule aliopewa. Nyumba ishirini na sita zilikuwa zimemkaribisha chai na kumdanganya kwa adabu kubwa.

Akapiga picha. Kibao kilikuwa hakisomeki tena; mikato ilikuwa imepandana hata siri ya nani ni ipi haikujulikana.

Jioni waandaaji walijibu kwamba wamependezwa mno, wakaomba fonti kamili pamoja na mikato yake halisi ya siri.

"Wanataka nini hao?" Bi Umi aliuliza, akiandaa ndoo ya korosho.

"Siri za watu, mama."

"Utawapa?"

"Nitawapa kama nilivyopewa," alisema Ziada, akaituma fonti bila kurekebisha hata mkato mmoja.