Nukta za Mapafu

Bendini walimwita Mapafu, na jina hilo hawakumpa bure. Miaka thelathini alipuliza tarumbeta, na pumzi yake moja ilivuka pale wenzake walipohema mara tatu. Alipostaafu alijiandikisha darasa la Kiingereza la watu wazima, Jumamosi asubuhi, akajibana kwenye dawati la mbele magoti yakimgusa kifua.

Sababu ilikuwa barua. Mjukuu wake wa miaka tisa, aliyezaliwa ughaibuni na asiyejua Kiswahili, alimwandikia kumuuliza mbona mama yake haji kwa babu. Majirani wa kumsaidia kujibu walikuwepo tele. Lakini jibu la swali lile hakutaka liandikwe kwa mkono wa mtu mwingine.

Kazi yake ya kwanza ilirudi nyekundu tupu. Sentensi moja ilianzia juu ya ukurasa ikaishia chini.

“Babu, hizi ni sentensi sita zimeng'ang'aniana,” alisema mwalimu, msichana mwenye sauti ya kubembeleza na kalamu isiyo na huruma. “Nukta unaiweka wapi?”

“Pumzi inapokata.”

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alijikaza asicheke, akashindwa.

Wiki iliyofuata mzee akavuka mpaka upande wa pili, akakatakata kila kitu vipande. Mwalimu akamfundisha kukihoji kila kipande: nani, na amefanya nini? Kisichojibu yote mawili hakijakamilika. Hapo Mapafu akanogewa.

“Ngoja, mwalimu. Sisi tukisema ‘Amelala’, tumemaliza. Neno moja, na mwenyewe yumo humo humo. Hawa wenzetu wa Kiingereza mbona lazima wamsimamishe nje, kila mtu amwone?”

Mwalimu alikuna kichwa, akakiri hajawahi kujiuliza.

Tangu siku hiyo mzee hakukalika naye. Alikagua vibao vya maduka, maboksi ya sabuni, hata tangazo la mlangoni kwa kinyozi, akishangaa kuona nusu ya mji imeandikwa vipande vipande na watu wanaelewana tu.

Mwezi wa nne wa masomo akaleta barua yake. Sentensi tano, fupi, safi. Mwalimu alizipiga tiki zote, pamoja na ile ya tatu iliyosema: Mama yako alifukuzwa nyumbani.

“Imekamilika hii?” aliuliza Mapafu.

“Imekamilika, babu. Haina kosa.”

Hakuinuka. Aliyemfukuza binti yake alikuwa yeye mwenyewe, kwa sababu tu hakumtaka mwanamume aliyempenda, na miaka kumi alikisimulia kisa hicho bila kujitaja. Aibu ilimchoma. Kwa mwalimu sentensi ilikuwa imepita, lakini mtoto angeandika tena kuuliza: na nani?

Akaomba kalamu, akaukata mstari ule, akaandika juu yake, kwa Kiingereza chake mwenyewe: Mimi nilimfukuza mama yako. Nilikosea.

Mwalimu alisoma. Safari hii hakupiga tiki. Alivuta bahasha taratibu.

“Niandike jina la mjukuu, babu?”

“Andika la mama yake,” alisema mzee. “Asome yeye kwanza.”