Mikono ya Buluu ya Bonaccorso

Katika chama chetu cha ndugu hapa Gubbio, ukitaka kutenda wema, funika uso kwanza. Unavaa kanzu ya gunia na kofia refu lenye matundu mawili ya macho, unambeba maiti wa maskini hadi kaburini, na mtu asijue ni nani aliyembeba. Sadaka ya siri, anasema padri. Siri gani, kwa Bonaccorso mtia rangi nguo, mwenye mikono ya buluu hadi viwikoni? Kila mazishi lazima akunje mikono ya kanzu. Wanawake dirishani wanaguna, "Jamani, Bonaccorso huyo! Mtu wa Mungu yule!" Naye anatabasamu humo guniani, nakuapia.

Mwaka huu akautaka uongozi wa chama. Aliutaka mpaka akakonda. Tunapiga kura Jumapili, kwa maharage mtungini, na kanuni ni moja: mgombea akijulikana akiwa kazini, cheo asahau. Basi ghafla bwana mkubwa akanunua glavu.

Ijumaa tukaitwa kumzika Ghino. Bonaccorso alishika machela mbele, mimi nyuma. Na maiti naye mikono buluu, maana Ghino ndiye aliyekuwa akimkorogea Bonaccorso mapipa ya rangi, miaka kumi na miwili, hadi kifua kilipomwangusha.

Mlangoni Dialta, mjane wake, akaishika glavu ya Bonaccorso akaibusu.

"Ndugu yangu nisiyekujua, Mungu akuweke. Nyie mmekuja. Tajiri wake je? Alimfukuza kwa kukohoa! Eti anawatia wateja kinyaa. Hata pole hajaleta, mshenzi yule!"

Mimi nilikuwa nacheka ndani ya kofia, Mungu anisamehe. Bonaccorso akashindwa kuvumilia. Akalivua kofia lake.

"Dialta, si nimekuja? Mimi hapa! Nani kasema sijaja?"

Uongozi ukaenda na maji pale pale. Nilimwonea huruma, ila haikudumu.

Dialta akamtazama, akajifuta midomo kwa shali.

"Ndugu zangu, mtueni mume wangu."

Tukamtua. Akamsogeza Bonaccorso kwa kiwiko, akainama, akashika machela mbele mwenyewe.

"Haya, twendeni. Na wewe, vaa kofia lako. Ulipokuwa humo ndani ulikuwa mtu mzuri."