Mfumo wa Bei na Ijumaa Mchana

Nilipomaliza masomo ya jioni, chama cha wakulima cha Korogwe kilinikabidhi kanzidata ya bei za mazao. Inakaa kwenye kompyuta za kukodi, huko mtandaoni, nasi tulikuwa tumeipangia ijipunguzie nguvu watu wanaoangalia bei kwa simu wakipungua, ijiongezee wakirudi.

Ijumaa ya kwanza, wakulima wote kuanzia Magoma hadi Handeni walizima simu wakaingia msikitini, na mimi nikiwemo. Mfumo kuona kimya, ukajipunguza mpaka ukabaki na nguvu za kuku mgonjwa. Swala ilipoisha, simu zote ziliwashwa kwa pamoja, nami naapa ardhi ilitikisika!

Nilikimbia ofisini nikamkuta bibi mmoja wa Kerenge mlangoni. Magunia yake ya mahindi yalikuwa chini, lori la mnunuzi likiunguruma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu mnunuzi ananiambia bei imeshuka. Simu yangu inazunguka tu. Ni kweli?"

"Subiri kidogo, mfumo unajiongezea nguvu."

"Unajiongezea, au umekwenda kula ubwabwa? Gari linaniacha, mjukuu wangu!"

Sikuusubiri. Niliongeza nguvu kwa mkono wangu, hadi zikatosha kuendesha treni. Bei ikatokea: haikuwa imeshuka hata kidogo. Bibi akamgeukia mnunuzi, akatabasamu.

"Zima gari, baba. Tuanze upya."

Siku hizi nimeupangia mfumo ujiongezee nguvu wenyewe kila Ijumaa kabla swala haijaisha. Mimi niko safu ya kwanza, simu nimezima.