Hodi Tatu za Baba

Enzi zetu pale Ng'ambo, Tabora mjini, nyumba ya mtu hukuingia hivi hivi. Ulisimama nje, ukapaza sauti: hodi, hodi, hodi. Mara tatu, hata kama mwenye nyumba unamwona anamenya karanga. Baba yangu, fundi cherehani, alikuwa mkali kwa hilo. "Hodi moja nani ataisikia?" alisema, na alikurudisha nje uanze upya, hata kama umetoka kucheza rede, vumbi hadi kwenye nyusi, na michembe ya viazi, ya moto, inakungoja sahanini.

Mwaka ambao dada yangu Zainabu alimaliza kidato cha nne, alitaka uuguzi na hakutaka kingine. Chuo kilipokea maombi kwenye mtandao tu, na siku tuliyofika sisi na Baba kwenye duka la intaneti karibu na soko ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nakumbuka joto la chumba kile, na feni iliyolia bila kupuliza. Umeme ulikuwa umeshakatika mara moja asubuhi, ukarudi. Zainabu alijaza kila kitu kwa vidole viwili, akifuta jasho kwa mtandio, nami nikiitazama taa kila ilipopepesa.

Kwetu jambo kubwa hukamilishwa na mkono wa mzazi, liwe na baraka. Zainabu akampa Baba kipanya.

"Baba, bonyeza hapo penye Tuma."

Baba akasema bismillahi, akabonyeza. Kimya. Si unaijua intaneti ya siku zile. Akabonyeza tena. Na tena. Kumbe baada ya ile ya kwanza ukurasa ulikuwa umeshabadilika: pale palipokuwa na Tuma pamekuja Futa Ombi. Ya pili ikaangukia hapo. Kompyuta ikauliza kama tuna uhakika, na ya tatu ikaitikia ndiyo. Ombi lote likapotea.

"Nimeharibu?" Baba akauliza. Mimi nililia, Zainabu hakulia. Alianza upya, jina, shule, alama, huku mwenye duka akitukumbusha kwamba anafunga. Alipofika mwisho nilijua atabonyeza mwenyewe. Akamsogezea Baba kipanya.

"Hodi moja tu, Baba. Halafu tungoje."

Baba akabonyeza mara moja, akaficha mikono nyuma. Tulingoja mpaka nikasahau kupumua. Ndipo ukaja ujumbe: Ombi limepokelewa.

"Ahsante, tumeshakaribia," Baba akaujibu, kwa adabu zote.

Leo Zainabu ni muuguzi Nzega, nami natengeneza kurasa za namna ile. Kitufe changu cha Tuma ukishakibonyeza mara moja kinanyamaza mpaka jibu lije, na Futa naiweka mbali kabisa na Tuma. Vijana wa kazini huucheka woga wangu. Wao hubonyeza kama wanaotwanga, na ukurasa ukichelewa kidogo wanaulaani.

Wajukuu wa Baba nao ni hivyo hivyo. Wakifika hawapigi hodi, wanatuma ujumbe: "Niko nje." Simu ya Baba huwa chumbani, inachaji. Mwenyewe yuko sebuleni, ameuelekea mlango, anangoja mtu wa kumwambia karibu.