Bampa la Mwalimu Kasmir

Miaka ile soko huria lilipofungua milango na magari ya mitumba ya Japani yakaanza kupanda Ufipa, jua na vumbi la huku vilikuwa vikiyasubiri. Bampa jeusi lilimaliza kiangazi kimoja tu Sumbawanga, likawa kijivu kama goti la mtoto asiyepakwa mafuta.

Tadei, muosha magari wa karibu na stendi, alijua kulirudishia ujana. Alikwangua masizi ya sufuria, akayachanganya na mafuta yaliyobaki kwenye karai la Stefania, mkaanga samaki wa chumvi kutoka Kabwe. Ukimuuliza, alikujibu bila kupepesa macho kwamba dawa ile ni ya Dubai. Weusi wake ulidumu hadi mvua ya kwanza, na mvua, alisema Tadei, si kosa la fundi.

Kijana huyu alikuwa amependa, tena amependa pagumu. Rahel wake alikuwa binti wa Bundala, Msukuma aliyehamia Milepa, kule bondeni, na mifugo yake, na Bundala alikwisha kusema kwamba mahari ni ng'ombe, maneno matamu hayakamuliwi maziwa. Tadei, mtoto wa wakulima wa ulezi, hakuwa hata na mbuzi. Basi mteja wake, Mwalimu Kasmir, alipotaka kumuuzia Bundala gari lake kwa ng'ombe, akamwahidi Tadei mtamba mmoja kati ya hao iwapo litapendeza. Tadei alipaka dawa bila ubahili.

Siku ya kuuziana, Bundala alipanda mjini na ng'ombe wake. Wazee wakasalimiana kwa kirefu, Tadei akachomekea kwamba bampa limepakwa dawa ya Dubai. Nyuma yao, mtamba mwenye baka jeupe usoni akanusa bampa, akalilamba, akanogewa na chumvi. Wenzake nao wakaja. Bundala alipogeuka, bampa lilikuwa kijivu tupu na ng'ombe wake wana midomo myeusi.

Mwalimu Kasmir aliinama ghafla kukagua tairi. Tadei alitamani ardhi ipasuke immeze, maana alimwona Rahel akimponyoka mchana kweupe. Bundala akapitisha kidole kwenye bampa, akakinusa.

"Kumbe Dubai nako wanakaanga samaki?"

Tadei akamwamkia shikamoo kwa mara ya pili, kisha akatapika yote, kuanzia masizi na karai mpaka mapenzi yake kwa Rahel. Bundala alimsikiliza bila kutabasamu. Akasema gari atalichukua, kwa kuwa injini ameshaisikiliza, na yeye hajawahi kununua ng'ombe kwa uzuri wa pembe. Kuhusu binti hakusema neno. Alipoondoka na gari lake na kuwaacha ng'ombe, Mwalimu akatimiza ahadi, akamkabidhi Tadei yule yule mwenye baka.

Sasa, kwa mtu wa jembe ng'ombe ni ng'ombe, na sura zao ni moja; haikumjia Tadei kwamba mfugaji humtambua kila mmoja wake. Tadei akamtuma mjomba wake Isdori kuwa mshenga. Isdori akateremka Milepa na mtamba, akaeleza kwa ufasaha jinsi ukoo wao ulivyomlea kwa upendo tangu akiwa ndama. Bundala alimwacha amalize, akamsogelea mtamba, akamkuna shingoni.

"Huyu mama yake ni yule pale kwenye zizi," alisema. "Nimempokea, na binti nimetoa. Lakini huyu amerudi kwao tu, mkwe. Mwambie kijana mahari aanze kuleta kesho."