Kitabu Kilichokaa Kaunta

Mwaka 1998 hoteli moja ya Diani ilinunua kompyuta yake ya kwanza. Kilonzo, mzaliwa wa Makueni, alikuwa mpokezi hapo. Alikuwa amesoma kozi fupi ya kompyuta Mombasa, na mwalimu wake aliwahi kumtajia kitabu kinene ambacho kila mtunga programu hukiheshimu. Kilonzo akajinyima mpaka akakinunua. Kurasa chache tu, hesabu zikamshinda. Hata hivyo alikiweka kaunta watu wakione. Wenzake wakamwita Injinia, naye akaitika. Meneja akamwahidi kazi ya kutunga programu ya kugawia wageni vyumba.

Asubuhi moja alifika Claire, mgeni wa makamo aliyeishi kwa kutunga programu. Alipokiona kitabu, uso ulimkunjuka. Mbele ya meneja alieleza kwamba ndicho kilichomfundisha kufikiri, akamuuliza Kilonzo ni sura gani iliyompendeza zaidi. Kilonzo akasema ya tano. Claire akakifungua kwa furaha wasome pamoja. Kurasa za sura hiyo zilikuwa bado zimegandana, hazijawahi kufunguliwa. Akazibandua mbili tatu kwa ukucha, kisha akakifunga taratibu na kukirudisha mahali pake. Meneja akageuka kutazama nje. Kilonzo aliona afadhali angetukanwa.

Tangu hapo Kilonzo alimkwepa Claire. Kila alipomwona anakuja, aliinama chini ya kaunta kama anayetafuta funguo. Rispah, mpokezi mwenzake, ndiye aliyemwambia kuwa mgeni anaondoka kesho yake. Jioni hiyo Kilonzo alimfuata bustanini.

"Sijakisoma, mama," alisema, macho chini. "Kilinishinda mwanzoni, nikaona haya kukiondoa."

Claire akamwambia kwamba hata yeye kilimshinda mara ya kwanza. Akamletea kijitabu chembamba kilichochakaa pembe, akamsihi aanze na hicho, na kila mfano auandike mwenyewe kwenye mashine.

Kilonzo akaenda kwa meneja kusema kazi ile hajaiweza. Kazi hiyo akapewa mtu wa Mombasa. Jina la Injinia likabaki, sasa kwa kicheko, naye hakuwa na uso wa kulikataa. Akawa anawahi kazini kabla ya zamu, anaandika mifano.

Mwaka uliofuata programu yake ya kwanza ilianza kupanga zamu za wafanyakazi. Rispah alipolalamika kuwa imempa zamu mbili siku moja, Kilonzo hakujitetea. Alikaa kwenye mashine akalitafuta kosa mpaka adhuhuri, akalipata.