Tulivyomtafuta Mama wa Melkiadi

Ipo Jumapili moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Na siku niliyooa nilianguka na baiskeli mbele ya wakwe, kwa hiyo ujue hiyo Jumapili ni nzito.

Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzoni mwanzoni. Tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama watoto wa shule. Mimi shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, au tuseme yenyewe iliniacha, maana mimi na hesabu hatukuwahi kuelewana. Siku za wiki zilikuwa za jembe, shamba la baba na shamba la kijiji. Jumapili ndiyo ilikuwa yetu. Tukitoka misani, kundi la vijana tunashuka kwa miguu kwenda kuutembea mji wa Kasulu. Hatuna hela, hatuna shughuli, tunaenda kuona tu. Leo mitaa ya nyuma ya soko, Jumapili ijayo upande wa boma. Tunasoma vibao vya maduka kwa sauti ili wasichana wajue tunajua kusoma. Mji wenyewe ungeumaliza kabla jasho halijakauka, lakini kwetu ulikuwa Ulaya.

Tena tulikuwa na mashati ya namna moja. Usidhani ni maringo. Duka la ushirika lilikuwa na jora moja tu la kitambaa, kaki, basi kila aliyetaka shati alivaa kaki. Langu kitambaa kilipungua, fundi akalikata fupi, tumbo langu likawa linasalimia watu kabla yangu.

Kiongozi wetu alikuwa Yeremia, mtoto wa balozi wa nyumba kumi, mtu wa kutembea mbele na kunyoosha kidole. Na alikuwepo Melkiadi. Huyu alitoka Burundi, kwenye zile vurugu zao. Walivuka usiku na mama yake, watu wengi, kukatokea purukushani mtoni, kila mtu akashika njia yake. Kulipokucha Melkiadi yuko upande huu peke yake. Baba akampokea. Akala ugali wetu wa muhogo, akalala mkeka mmoja na mimi, akavumilia miguu yangu. Hakuwa mtu wa kusema sana. Lakini siku moja akasikia kwamba mama yake ameonekana Kasulu, anatwangia watu kwa malipo ya chakula. Kuanzia hapo matembezi yetu yakawa na kazi.

Ofisini hatukuthubutu kwenda kuuliza. Wakati ule Serikali ilikuwa inawakusanya wageni wa ng'ambo na kuwapeleka kwa malori kwenye makambi ya kilimo, mbali huko, upande wa Tabora. Wengine hawakutaka kwenda mbali na mpaka, kila mtu ana ndugu anayemsubiri, basi walijificha majumbani mwa watu. Ukimtaja mtu ofisini umemchongea. Kwa hiyo tukabuni njia yetu, na tuliiona ya akili sana. Tunapita nyumba kwa nyumba, Yeremia anaingia uani na wawili watatu, anatoa salamu ya Kiha, lugha yetu: "Mwakeye." Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, lakini sauti haijifichi, mtu wa ng'ambo akijibu unamjua. Akijibu hivyo, ndipo tunamwita Melkiadi aje auze sura.

Kwa nini asitangulie yeye? Kwa huruma, mwanangu. Mlango wa kwanza alitetemeka, wa pili akalia. Tukasema hapana, huyu abaki barabarani, tumwite pakiwa na dalili. Na mimi nikapewa kazi ya kubaki naye nimchekeshe. Kazi hiyo niliiweza. Ndiyo pekee niliyowahi kupasi.

Jumapili ninayokuambia tulifika nyumba ya Bi Mwajuma, nyuma ya duka. Huyu mama na mume wake walikuwa watu wa asili ya Ujiji, wauza chumvi na sabuni. Yeremia akaingia uani na wenzake. Mimi na Melkiadi tumesimama kwenye mikaratusi, namsimulia jinsi beberu wa padri alivyokula kofia ya katekista. Nikaigiza beberu, nikaigiza katekista. Melkiadi alicheka mpaka akashika magoti. Sikuwahi kumwona akicheka vile. Yeremia akatoka, akatikisa kichwa. "Kajibu mwanamke, lakini kasema salama. Mswahili huyo. Twende."

Tukaenda.

Jumapili iliyofuata Yeremia ametumwa chumvi, tukaingia wote dukani. Bi Mwajuma akatutazama mashati, moja moja.

"Nyie ndio mlioingia uani kwangu juzi?"

"Ndio, mama," Yeremia akasema. "Tulikuwa tunasalimia tu."

"Kusalimia. Kundi zima, nguo za namna moja, mmoja mbele ananyoosha kidole. Mlikuwa mnasalimia, au mnahesabu watu?"

"Tunamtafuta mama wa mwenzetu huyu."

"Nani? Huyu?" Akamgeukia Melkiadi. "Mama yako jina lake nani, baba?"

"Veronika," Melkiadi akasema. "Ana kovu la moto mkono huu."

Yule mama akaweka chini kipimo cha chumvi, akakaa juu ya gunia. Akamngoja mteja mwingine aliyekuwepo aondoke.

"Aliyewajibu salama ndiye yeye," akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia, ukisalimiwa na usiyemjua, kwa Kiha, kwa Kirundi, kwa lugha yoyote, jibu salama, kisha nyamaza. Na wewe ulikuwa wapi? Mbona hukuingia na wenzako?"

Melkiadi akasema, "Nilikuwa barabarani, mama. Nacheka."

Mwanangu, nimezika baba, nimezika mama, nimezika watoto wawili. Neno lile bado linaniuma kuliko misiba hiyo yote.

"Jumatatu alfajiri ameondoka," Bi Mwajuma akaendelea. "Nilimwambia kaa, hao ni vijana wa vijijini. Akaniambia, huko kwetu nako walikuja vijana, nguo za namna moja, wanabisha hodi kwa adabu. Aliyeitika hakuonekana tena. Ana mtu wake Kibondo, kule Kumsenga." Halafu akamtazama Yeremia, sauti imeshuka. "Wewe mtoto, mmefuatana wengi mkadhani wingi ni msaada. Aliye ndani haoni marafiki. Anaona kundi. Mngemtuma huyu mmoja, na machozi haya yanayomtoka, angesema mama, mama yake angetoka mbio."

Mimi nikafungua mdomo, nikatafuta la kuchekesha, nikakuta hamna.

Tulimfuata, mimi na Melkiadi, hadi Kumsenga. Kipande kwa lori la mihogo, kipande kirefu kwa miguu. Njia nzima hakuniambia neno baya. Tukamkuta mzee mmoja anachoma mkaa, ndiye huyo mtu wao. Alimtambua Melkiadi kabla hajajitaja, akamshika kichwa kwa mikono miwili yenye masizi.

"Alikuwa hapa," akasema. "Kisha nikapata habari sokoni kwamba wapo vijana wawili wanatoka Kasulu, njia nzima wanauliza wageni wa ng'ambo. Nikamwambia. Ndiyo kosa langu. Akasema, mzee, kama ni kuwindwa, bora niwindwe karibu na makaburi ya watu wangu. Amevuka mto, karudi kwao."

Vijana wawili wenyewe ni sisi. Tulikuwa tunamfukuza kwa miguu yetu wenyewe, mtoto wake akiwa mmojawapo.

Melkiadi alinyanyuka kuelekea mtoni. Nilimkamata shati, akanivuta, tukaanguka. Yule mzee akaja kutusaidia, yaani kunisaidia mimi kumkalia. Kule ng'ambo bado watu walikuwa wanakufa. Sijui mpaka leo kama nilimwokoa au nilimnyima.

Waliovuka siku zile kurudi, hakuna habari zao zilizotufikia. Melkiadi alirudi nami, akapewa shamba, akaoa kwetu, akawa raia, akazeeka. Jumapili tukipita kumwita twende mjini, alikuwa anasema ana palizi. Hata wakati wa kiangazi, wakati hakuna jani la kupalilia, alikuwa na palizi. Wazee husema mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Hiyo si kweli, mwanangu. Melkiadi alichoka, na hakupata. Tulimzika kabla ya mvua za juzi. Hakunilaumu hata siku moja, na ningemlipa mbuzi anilaumu.

Nakuambia haya kwa sababu nawaona Jumamosi mnavyojipanga, fulana za rangi moja, simu mkononi, mnakwenda kuutembea mji, mpaka kwenye vichochoro, mpaka njia za kule Nduta, kwenye kambi ya wakimbizi, mnapiga picha milango ya watu. Tembeeni. Sikukatazi, mji ni wa kutembelewa. Lakini umoja ni nguvu kwa walio ndani ya umoja. Kwa mama aliye ndani ya nyumba, umoja wenu ni kishindo tu cha miguu asiyoijua. Aliyeumwa na nyoka akiguswa na unyasi hushtuka, na wewe hujui nani aliumwa, na wapi. Ukifika mlangoni kwa mtu, ingia mmoja. Taja jina lako kwanza kabla hujauliza la kwake. Na mwenzenu akiwa na haja yake, msimfiche nyuma eti mnamhurumia. Mwacheni atangulie, alie, atetemeke, aaibike. Sauti anayoijua mtu ni ile yenye uchungu wake, si ile ya rafiki wa mtoto wake. Na wewe mchekeshaji, maana damu yangu naijua, kuna wakati wa kunyamaza ili mwenzio asikie.

Sina zaidi. Mungu akupe miguu mizima na macho ya kuona hofu ya watu kabla hujaikanyaga. Unapobisha hodi, mlango ufunguliwe kwa furaha. Na yule unayemtafuta, umpate angali hai.